Yuwaniangalia Lakini Hanioni

Nyanya mmoja alivuka na feri kutoka Likoni, hapa kwetu Mombasa, saa nane za usiku, mjukuu wake wa miaka mitatu amemkumbatia ndani ya leso. Mtoto alikuwa na homa ya siku mbili, na njiani akashikwa na degedege. Walipofika chumba cha dharura kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Macho ya mtoto yako wazi, anapumua vizuri. Nyanya akamwambia daktari mwanagenzi aliyempokea, "Mwanangu, mtoto huyu yuwaniangalia lakini hanioni."

Mwanagenzi akaandika kwenye faili: ana fahamu.

Mimi ndiye niliyekuwa daktari bingwa wa watoto usiku ule. Nilipita, nikasoma faili, nikaagiza kipimo cha malaria, nikakimbilia kitanda cha pili ambako kulikuwa na mtoto wa miezi minane anatweta na mbavu zinaingia ndani. Dakika arubaini baadaye degedege likamrudia yule wa Likoni, safari hii bila kukoma. Sista wa zamu alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akanionyesha bila kusema neno: sukari ilikuwa milimoli 1.3 kwa lita. Tunaposema sukari ya mtoto mgonjwa imeshuka tunasema chini ya 2.5. Mtoto alikuwa na kilo 12, kwa hiyo alihitaji mililita 60 za dekstrosi, yaani maji ya sukari ya mshipani, ya asilimia 10, na chupa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya asilimia 50. Mililita 12 za dekstrosi, 48 za maji, changanya, sukuma polepole. Mikono yangu ilikuwa ikijua hesabu hiyo tangu zamani. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba sukari haikupimwa, na kwamba katika chumba kile kulikuwa na mtu aliyelijua.

Asubuhi niliwakusanya waliokuwa zamu. Daktari mmoja, wa pili kwa udogo, msichana aliyekuwa ametufikia wiki ile ile, aliinamisha kichwa. "Nilimsikia nyanya, Dakta. Na niliona hakuna mtu aliyepima sukari. Uliposimama pale kitandani nilitaka kukwambia. Nikakuangalia uso, nikanyamaza."

Mtoto yule alipona. Siku ya tatu alikuwa akidai chapati. Lakini dakika zile arubaini nimezibeba mpaka leo, na kila ninachokifanya na madaktari wanaokuja kwangu kusomea ubingwa wa watoto kimeanzia kwenye lile neno, uso.

Mimi nimezaliwa Kisauni. Nimelelewa kwamba mkubwa akisema huitiki ila kwa "labeka", na kwamba kumsahihisha mtu mzima mbele ya watu ni utovu wa adabu hata kama amekosea. Ni malezi mazuri, na sikusudii kuyatupa. Lakini chumba cha dharura cha watoto kina sheria yake. Mtoto hana akiba. Mtu mzima anaweza kulala na shida mchana kutwa, mwili ukijitetea. Mtoto hujitetea, hujitetea, halafu huacha mara moja. Kati ya kujitetea na kuacha ndipo tunapofanya kazi, na nafasi ile ni finyu mno kwa daktari kusimama akijiuliza kama ana haki ya kusema. Mama yangu alikuwa na msemo kila ndugu zetu walipomlalamikia jambo: mkubwa ni jalala. Nilidhani maana yake ni kuvumilia tu. Siku hizi nauelewa vingine: taka lazima zinifikie. Zisiponifikia mimi, zitamfikia mtoto.

Basi nilianza na uso wangu mwenyewe. Jambo hili linachukua muda mrefu kuliko watu wanavyofikiri. Nilipokuwa nikifikiri, nilikuwa nakunja kipaji, na mwanagenzi aliyechoka hawezi kutofautisha kipaji cha kufikiri na kipaji cha hasira. Nikaanza kufikiri kwa sauti. Nikisimama kitandani nasema: "Njia ya hewa, nzuri. Kupumua, naona kunaenda kasi, nahesabu. Mikono baridi. Nabonyeza ukucha, damu inarudi baada ya sekunde nne, ni nyingi. Fahamu, sijui bado. Sukari, sijaambiwa." Nikifika hapo kwenye "sijaambiwa" nanyamaza na kuwangoja. Wiki za mwanzo walikuwa wakitazamana. Baadaye mmoja akawa anajibu, kisha wote.

Halafu nikageuza mpangilio wa kusema. Zamani kitandani angeanza bingwa, kisha anayesomea ubingwa, kisha mwanagenzi, na mwanafunzi wa uuguzi hakuna aliyemuuliza. Mkubwa akishasema, walio chini yake huona alichokiona yeye, hata kisipokuwepo. Sasa anaanza mdogo kuliko wote. "Umeona nini?" Sitaki jina la ugonjwa kwanza. Nataka alichokiona. Daktari kijana hupenda kukimbilia jina, kwa sababu jina ndilo mtihani unalotaka. Ukimwambia aseme tu alichokiona, hujihisi amepunguziwa cheo. Lakini mtoto aliyelegea ni mtoto aliyelegea, liwe jina lake malaria, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka, na hatua za dakika tano za kwanza zinafanana.

Vijana wanaotoka bara nawapa somo jingine wasilolikuta kwenye vitabu vyao, nalo ni maneno ya mama zetu. Mama wa hapa hatasema mtoto anashindwa kupumua. Atasema anatweta, au kifua kimembana, au mbavu zinaingia. Hatasema amepungukiwa maji. Atasema utosi umebonyea. Akisema "hanyonyi tangu jana", hiyo ni dharura hata kama mtoto ametulia mikononi mwake kama malaika, maana mtoto mchanga asiyenyonya ametulia kwa kuishiwa nguvu. Akisema macho yalimgeuka, ameona degedege. Na akisema mtoto ameingiwa na nyuni, pia ameona degedege, kwa jina ambalo bibi yake alimpa.

Hapo kwenye nyuni huwa nasimama kwa muda. Daktari mmoja aliyekuwa akisomea ubingwa, kijana hodari, alimcheka mama mmoja kwa neno hilo. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Yule mama akafunga mdomo. Tulikuja kujua baadaye, kwa kumuuliza shangazi, kwamba mtoto alikuwa amenyweshwa dawa ya miti nyumbani tangu alfajiri, jambo ambalo lingebadilisha hatua zetu zote. Nilimwambia yule kijana: mama amekupa kitu alichokiona kwa macho yake, wewe umemcheka jina alilokiitia. Hakurudia tena. Sasa ndiye anayewafunza wenzake kuuliza, kwa upole na bila kukunja uso, "Nyumbani mlimpa nini?" Swali dogo hilo. Limetufunulia mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda, limetufunulia kimeo kilichokatwa siku mbili kabla na sasa koo linatoka damu. Aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi wala haoshwi tumbo, kwa sababu hatari yake ni yale mafuta kuingia mapafuni yakipanda tena. Mama aliyetishwa atakwambia mtoto amekula kitu kibaya tu, nawe utafanya lile lile lisilotakiwa.

Mazoezi tunayafanya Jumamosi asubuhi. Hatuna midoli ya bei kubwa yenye mapigo ya moyo. Tuna mdoli wa kawaida wa dukani, na kabla ya zoezi natuma mtu sokoni Kongowea aniletee miguu ya kuku. Mguu wa kuku ndio unaofundisha kuingiza sindano ndani ya mfupa, njia tunayoitumia mshipa ukikosekana kwa mtoto aliyepoteza maji mengi: unasukuma huku unazungusha, kisha ghafla unasikia mkononi mfupa umeachia. Hisia ile haiwezi kuelezwa kwa maneno. Nimemwona daktari akifaulu kwa mtoto halisi saa kumi za usiku kwa sababu mkono wake ulikumbuka kuku wa Jumamosi.

Mfuko wa kupulizia hewa nao una somo lake. Mtu mwenye hofu huubana kwa nguvu na kwa haraka, hewa ikaenda tumboni badala ya mapafuni, tumbo likavimba, mapafu yakabanwa. Tunahesabu kwa sauti: bonyeza, mbili, tatu, bonyeza, mbili, tatu. Kifua kikinyanyuka kidogo, inatosha. Nawaambia waangalie kifua, wasiangalie mkono wao.

Na kwenye mazoezi hayo tunafundishana kurudia. Nikiagiza dawa ya degedege, nikisema "diazepamu, miligramu tatu nukta sita, kwenye mshipa", anayeivuta dawa hurudia yote, na nukta yake, kabla ya kugusa mtoto. Tatu nukta sita na thelathini na sita zinatofautiana kwa nukta moja, na kwenye chumba chenye kelele nukta haisikiki. Kwa watoto kila dozi ni hesabu ya kilo, na mtu aliyeamka tangu jana asubuhi hukosea hesabu. Kwa hiyo mtu wa pili husikia, hurudia, na ana ruhusa ya kusema "simama".

Neno hilo "simama" tulilichagua pamoja. Mwanzoni walikuwa wakiona haya. Nikawapa mfano wa matatu za hapa mjini. Dereva anatazama mbele, makanga yuko mlangoni. Makanga akigonga bodi, dereva anasimama. Hamuulizi amesoma wapi wala amefanya kazi miaka mingapi. Anajua yule anaona upande ambao yeye hauoni. Kuna mtoto anashuka, kuna mguu uko chini ya tairi. Dereva asiyesimama akigongewa bodi hawezi kuaminiwa na watu. Tangu siku hiyo madaktari wangu wengine, wakitaka kunisimamisha, hugonga reli ya kitanda mara moja. Napenda kuisikia.

Kuna wanaoniuliza kama sihofu heshima kupotea. Ninapojibu huwa nawarudisha mwaka 2011, na hawahitaji kwenda mbali, ni hapo Kilifi, kama kilomita 60 kutoka Mombasa. Sisi sote tuliosoma kabla ya hapo tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu, mwenye mikono baridi na mapigo dhaifu, apewe maji ya mshipani mengi kwa haraka. Ndivyo vitabu vilivyosema, ndivyo mabingwa wa nchi tajiri walivyosema, ndivyo nilivyosema mimi kwa sauti ya kujiamini. Kisha ukafanyika utafiti ulioitwa FEAST, chini ya uongozi wa Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141. Baadhi wakapewa maji ya haraka, wengine wakapewa maji ya kawaida tu ya kuwatunza. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa maji ya haraka walikuwa wakifa zaidi. Ndani ya saa 48 walifariki kiasi cha asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa.

Nakumbuka nilivyoisoma. Nilisoma mara mbili, nikafunga, nikakaa. Nikawafikiria watoto niliowasukumia maji kwa haraka kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Wakubwa wote wa dunia walikuwa wamekubaliana, na walikuwa wamekosea, na jibu likatoka kwa watoto wa kwetu wenyewe, kwenye wodi ambazo barabara yake naijua kwa kila tuta. Tangu hapo siwezi kumwambia daktari kijana "fanya kwa sababu nimesema". Nikishamweleza sababu, ana haki ya kuipima.

Ila nalo lina pande mbili, na hapa ndipo wanaosomea ubingwa hunichosha kwa uzuri. Husoma kichwa cha habari na kuogopa maji yote. Utafiti ule haukuwahusisha watoto wa kuhara. Mtoto wa kuhara aliyekauka, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, huyo anahitaji maji na anayahitaji sasa: mililita 100 kwa kila kilo, akiwa wa zaidi ya mwaka mmoja apewe mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa ya kwanza, na 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Akiwa hajafika mwaka, polepole zaidi, saa moja kisha saa tano. Kipindupindu kikipita mjini, kama kinavyopita, kuogopa maji kunaua. Kwa hiyo siwaachi na kanuni moja ya kushika. Nawaketisha, nawaambia wanionyeshe, kwa mtoto aliye mbele yao, ni yupi kati ya hao wawili, na wameonaje.

Mambo ya vifaa sitayasema kwa urefu. Kila anayefanya kazi hospitali ya umma anayajua: usiku ambapo kipima oksijeni kimoja kinazungushwa vitandani, zamu ambayo watu ni pungufu. Nimejifunza kumfundisha kila mmoja kazi ya mwenzake, basi.

Kifo nitakisema. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwambia mama, nikajifunza kwa kuharibu. Nilikuwa nikisema "tumejitahidi sana" na "hali haikuwa nzuri", mama akaniangalia akingoja nimalizie. Sasa nawafundisha kuketi kwanza, kumwita kwa jina la mtoto wake, mama fulani, na kusema neno lenyewe: amefariki. Halafu kunyamaza. Vijana huona neno hilo ni kali. Mama akilisikia ndipo anapoweza kuanza kulia, na kulia ni haki yake. Nawafundisha pia kwamba familia ya Kiislamu itataka kumzika mtoto siku hiyo hiyo, kwa hiyo karatasi zisilale mezani. Daktari anayekimbia kuandika cheti ili mtoto awahi maziko baada ya Adhuhuri ameendelea kumtibu yule mama.

Usiku baada ya kifo tunaketi wote dakika kumi, pamoja na msafishaji kama alikuwepo. Tunazungumza kilichotokea, bila kumtafuta wa kumwekea lawama. Kuna daktari aliyekuwa akisomea ubingwa aliyeniambia, baada ya watoto wawili kufariki zamu moja, kwamba anaacha. Sikumhubiria. Nilimnunulia mahamri na chai ya tangawizi pale nje, tukakaa hadi jua likachomoza upande wa bahari, akanieleza kila hatua ya wale watoto wawili, mara mbili. Alirudi zamu iliyofuata. Wengine hawakurudi, nao siwalaumu.

Mwaka jana, msimu wa mvua, aliletwa msichana wa miaka minne kutoka Changamwe. Mapigo dhaifu, mikono baridi, anahara tangu juzi. Chumba kimejaa, mimi nimetoka kwa mtoto mwengine aliyekuwa akitapatapa. Nikaona macho yaliyozama, nikasikia neno kuhara, nikasema maji ya haraka, nikataja kiasi. Mwanagenzi aliyeshika dripu alikuwa na wiki mbili kwetu. Akarudia kiasi, kama tulivyofundishana. Kisha hakufungua.

Aligonga reli ya kitanda mara moja.

"Dakta, simama. Viganja vyeupe. Na miguu imevimba, nimebonyeza, shimo limebaki."

Nikageuza kiganja cha mtoto kwenye taa. Kilikuwa cheupe kama karatasi. Nikabonyeza mguu, kidole changu kikaacha alama. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu na utapiamlo, maji yale kwa kasi ile yangemzamisha moyo. Nilihisi joto likinipanda shingoni, lile lile la zamani, la mkubwa aliyesahihishwa mbele ya watu. Mama wa mtoto alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwengine.

"Ahsante, daktari," nikamwambia. "Funga hiyo. Tupime kundi la damu sasa hivi. Na sukari?"

"Nimeshapima. Tatu nukta nane," akasema, huku tayari anaandika fomu ya damu juu ya goti lake.